Waliozidi Dhiraa

Nchi ya Kadiri usiitafute kwenye ramani. Nimezunguka nchi nyingi kwa miguu yangu, nyingine nikiingia kwa mlango, nyingine kwa kuruka ua, na mpaka wa Kadiri sikumbuki niliuvukia wapi. Nakumbuka tu kwamba nilikaa huko msimu mzima nikiuza mikeka, nikaona niliyoyaona, nikaondoka na miguu yangu yote miwili. Sasa wewe ukisoma ukasema, "Mbona hapa ni kwetu?", hayo ni yako. Mimi sikumtaja mtu.

Kadiri ni nchi ya amani. Viazi vyake vitamu, watu wake wanasalimiana hata wakiwa wamegombana, na viongozi wake hawachoki kuongoza hata wakibembelezwa wapumzike. Juu ya kila mlango wa ofisi yameandikwa maneno ya taifa: KILICHOZIDI HUMWAGIKA. Mwanzoni nilidhani ni tangazo la maziwa.

Mkuu wa nchi hiyo anaitwa Mtukufu Mlezi. Aliishia darasa la nne, na kwa hilo simcheki. Mimi mwenyewe la pili nililisoma nchi moja, la tano nchi nyingine, la tatu na la nne nilipishana nayo njiani. Darasa la nne halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa dereva. Siku moja Mtukufu alikuwa garini anatazama nje, akasema, "Oneni jua linavyoizunguka nchi yetu kwa heshima." Dereva, mtu asiyejua kunyamaza, akasema, "Samahani Mtukufu, ni sisi tunaolizunguka." Gari likasimama. Tangu siku hiyo dereva yule hajaonekana akizunguka kitu chochote.

Kesho yake ikatoka Sheria ya Dhiraa.

Sheria yenyewe nyepesi, hata mtoto anaielewa, ndiyo maana watu wazima iliwasumbua. Ilisema mtumishi asimzidi bosi wake elimu, na mtu yeyote nchini asimzidi Mtukufu. Sawa, lakini elimu utaipimaje? Hapo ndipo alipoingia Kamishna wa Vipimo, Mheshimiwa Fungameza, mtu mnene mwenye sauti ya kuombea mvua. Akasema elimu ni vyeti, cheti ni karatasi, na karatasi ina urefu. Kwa hiyo mwomba kazi atapanga vyeti vyake sakafuni, kimoja mbele ya kingine kama siafu, na Kamishna atavipima kwa tepu ya fundi cherehani. Cheti cha Mtukufu cha darasa la nne kikachapishwa upya kwa herufi kubwa, kikatimia dhiraa moja, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mawaziri wakawekwa chini ya hapo. Wakurugenzi chini ya mawaziri. Hivyo hivyo hadi kwa mfungua koki za maji, ambaye hakutakiwa kuvuka shibiri, nusu ya dhiraa.

Aliyevuka kipimo chake aliandikwa "amezidi". Lilikuwa kosa, lilikuwa tusi, na lilikuwa na muhuri wake. Sokoni nilimsikia muuza dagaa akimwonya mwenzake: "Shoga, mwanao juzi kasoma kibao cha duka kwa sauti, watu wanasikia. Mkanye huyo, atazidi!"

Ili ampendeze Mtukufu, Fungameza aliongeza vifungu viwili vya kwake. Kimoja kilisema aliyezidi aondolewe kazini papo hapo, bila kujali cheo. Cha pili kilisema raia yeyote akipaza sauti "Kipimo!", popote pale, tepu lazima ifunguliwe mbele ya watu. Vilipotangazwa, umati ulipiga makofi. Na mimi nilipiga. Aliyesimama pembeni yangu alikuwa na bunduki.

*

Nilikuwa nimepanga chumba cha uani katika nyumba moja ya Idara ya Maji, kwa Bwana Makungu, mfungua koki. Kazi yake ilikuwa kufungua koki kuu asubuhi ili maji yashuke mjini, na kuifunga jioni. Mkewe, Bi Siwatu, alikuwa daktari. Si daktari wa sindano, wa maji. Alisomea ng'ambo namna maji yanavyotembea chini ya ardhi, akarudi na vyeti ambavyo ukivipanga vinatoka sebuleni, vinapita ukumbini, vinachungulia jikoni. Sheria ilipotoka, alikuwa wa kwanza kufukuzwa Idarani. Akabaki nyumbani kumwuguza mama yake, Bi Chausiku, aliyepooza miguu. Ulimi haukuguswa.

Kisha Makungu akafa, homa tu. Matanga hayajaanuliwa, akaja mtu wa Idara akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Poleni na msiba. Nyumba hii ni ya mfungua koki. Mwisho wa mwezi ataingia mfungua koki mwingine, na hapa naona hapana mfungua koki tena."

"Yupo," Siwatu akasema.

"Nani?"

"Mimi."

Yule mtu akacheka mpaka akashika kizingiti. Bi Chausiku akamwambia kutoka kitandani, "Cheka vizuri, baba, ushibe. Ukitoka hapo ukafunge na zipu yako, tangu uingie iko wazi."

*

Nilimsindikiza Siwatu kwenye usaili, maana vyeti vilikuwa vizito. Alivipanga kama sheria isemavyo. Vilitoka ndani ya ofisi, vikashuka ngazi, na kile cha mwisho kikaliwa pembeni na mbuzi wa Serikali. Fungameza alitembea juu ya vyeti na tepu, akihema. Aliporudi mezani uso ulikuwa umejaa huzuni rasmi.

"Bi Siwatu, umezidi."

"Mheshimiwa, naomba kufungua koki tu."

"Ndiyo hofu yangu. Wewe ukifungua koki, utafikiri."

"Nitafikiri nini?"

"Unaona? Umeshaanza kuuliza." Akajipepea na tepu. "Mtu wa shibiri ukimwambia fungua, anafungua, anakwenda zake kunywa chai. Wewe utataka kujua maji yanakwenda wapi."

"Yanakwenda bondeni, Mheshimiwa. Maji huteremka."

Fungameza akamtazama mlinzi, mlinzi akaufunga mlango.

"Sikusikia hilo," Kamishna akasema kwa sauti ya chini. "Kwa heshima ya marehemu, sikulisikia. Halafu kuna jambo jingine, mama. Watu wa sifa nyingi hawadumu kwenye kazi ndogo. Utachoka, utatukimbia, utakwenda kwenye kazi kubwa."

"Kazi kubwa zote mmenifungia."

"Ndiyo maana tunakuonea huruma," akasema Fungameza. "Hatutaki kukupa kazi ambayo ungeiacha kama ungekuwa na pengine pa kwenda. Mwingine!"

*

Nje ya ofisi ile, chini ya ukuta, walikaa vinyozi. Si wa nywele, wa vyeti. Walikuwa na viti vyao, vioo vyao na mikasi mikali, na wateja walipanga foleni na bahasha zao. Siwatu akakaa kwa mmoja anaitwa Mshindo.

"Nikupunguze vipi, dada?"

"Ondoa yote, niachie darasa la saba."

"Na pembeni?"

"Pembeni usiguse, pana jina langu."

Mshindo akanyoa udaktari, akanyoa uzamili, akanyoa kidato cha sita hadi cha kwanza. Vipande vilianguka chini kama manyoya ya kuku siku ya harusi. Mwishowe akapuliza, akamwonyesha kwenye kioo. Ilibaki shibiri safi.

Fungameza aliinusa ile karatasi. "Imenyolewa," akasema. "Elimu ni kama upara wa kujinyoa, Bi Siwatu. Mtu akikutazama anajua chini yake kuna nywele." Jioni hiyo hiyo vinyozi wote wa vyeti wakakamatwa, na kukata cheti kukawa uhaini. Siwatu akaambiwa akachukue nakala halisi za vyeti vyake Wizarani, avirefushe upya, tena haraka, maana mtu aliyezidi akijifanya hajazidi huwa amezidi mara mbili.

Ila nchi ya Kadiri haina roho mbaya. Kwa watu kama yeye kulikuwa na Chuo cha Taifa cha Kusahau. Mkuu wa chuo alikuwa mzee mpole aliyekuwa amefika mbali katika fani yake, kila asubuhi ilibidi aelekezwe ofisi yake iko wapi. Wanafunzi walikaa kimya wakitazama ukuta mweupe. Aliyekumbuka kitu alinyoosha kidole akatolewa nje. Siwatu alisahau kwa bidii. Alisahau kemia, akasahau hesabu, mtihani wa mwisho akaulizwa maji ni nini, akajibu, "Sijawahi kusikia." Akawa wa kwanza darasani.

Kwa hiyo wakampa cheti.

"Hapa sasa umejiharibia," Fungameza akasema, akikiweka mwisho wa ule msururu na kupima tena. "Mwanzo ulikuwa na udaktari. Leo una udaktari na juu yake una kusahau. Katika nchi hii hakuna mwanamke mrefu kama wewe."

*

Kazi akapewa shemeji yake Fungameza, kijana mmoja anaitwa Tindwa. Hakuwa na cheti hata cha kuzaliwa, na usaili ukaamua kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu alikuwa bado hajazaliwa, kwa hiyo hawezi kuwa amezidi. Akakabidhiwa ufunguo wa koki na funguo za nyumba.

Kuwatoa kina Siwatu alikuja Kamishna mwenyewe, na mpiga picha wa gazeti. Alivaa glavu nyeupe, akashika mguu mmoja wa kitanda cha Bi Chausiku, askari wakashika mitatu, wakakitoa nje na mgonjwa akiwa juu yake, wakakitua kando ya barabara kuu. Kesho yake gazeti likaandika: KAMISHNA ASHIRIKI KAZI ZA MIKONO. Katika picha, Bi Chausiku anaonekana akisema kitu. Gazeti halikuandika alichosema. Mimi nilikuwepo, na mimi pia siandiki.

Usiku ule ilinyesha. Tukafunika kitanda kwa mikeka yangu yote, ikawa ndiyo nyumba. Asubuhi kuni zimelowa, mgonjwa anatetemeka, anataka uji. Siwatu akakaa amechuchumaa mbele ya mafiga matatu, akajaribu kuwasha, akajaribu tena. Kisha akavuta lile begi la vyeti. Akawasha cha darasa la saba. Akaweka kidato cha nne, akaweka cha sita. Uji ukaanza kuchemka kwenye shahada ya kwanza, na udaktari ndio ulioivisha. Cheti cha Kusahau kilikuwa cha mwisho, kilitoa moshi tu.

Alimnywesha mama yake kijiko kwa kijiko. Uso wake ulikuwa mkavu. Mtu anayelia najua cha kumwambia, nimeona wengi njiani. Huyu nilimwogopa.

"Sasa huna kitu," Bi Chausiku akasema akifuta midomo. "Sasa ndiyo unafaa kuajiriwa."

"Kazi ina mtu, mama."

"Na huyo mtu ana nani?"

"Ana shemeji."

"Basi tuanze na shemeji." Akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa fungu la nguo nyeupe lililokunjwa vizuri, limefungwa kwa uzi. Ilikuwa bafta. Siwatu aliiona akaruka.

"Mama! Hiyo sanda yako!"

"Najua ni yangu, nimeilalia miaka yote hii. Nilipofika uzee nikainunua ili nisimwombe mtu." Akaipapasa. "Nitakufa uchi, mwanangu, Mungu atanisitiri. Lakini yule mwenye glavu nataka nimzike kwanza. Mzee Mikeka!"

"Naam, Bi mkubwa."

"Wewe umetembea. Unalo koti?"

*

Koti nilikuwa nalo, nilipewa na padri mmoja katika nchi yenye baridi. Nikavaa juu yake pazia jekundu kama joho. Siwatu akachora bafta ile kwa wino mweusi, herufi za kupinda pinda, na pale penye Kilatini nikamtajia majina ya stendi zote nilizowahi kulala. Iliandikwa kwamba Chuo Kikuu cha Ng'ambo ya Huko kinamtunuku Mheshimiwa Fungameza Shahada ya Udaktari wa Heshima katika Ukubwa kwa Ujumla. Siwatu aliyeona vyeti vya kweli alijua pa kuweka nyota na pa kuweka muhuri. Muhuri tuliupiga kwa kiazi.

Ofisini Fungameza aliniangalia kuanzia viatu. Uso hakuukumbuka, maana mbeba vyeti hatazamwi usoni. Viatu vyangu havikuwa vya profesa, ila pazia lilikuwa refu.

"Chuo chenu kiko wapi, Profesa?"

"Ng'ambo, Mheshimiwa."

"Ng'ambo ya wapi?"

"Ya huko."

"Ahaa," akasema. "Nakifahamu. Kizuri sana." Nikaanza kuikunjua bafta. Ilifika ukingo wa meza, ikaanguka sakafuni, ikaendelea. Macho yake yaliifuata kama mtoto anayetazama miwa inashushwa kwenye gari. "Mbona ndefu hivi?"

"Mheshimiwa, mtu mdogo anatosha na karatasi. Ungetaka tukupe karatasi?"

"Hapana! Hapana, hapana." Akapitisha mkono juu yake. "Nguo nzuri. Ina ubaridi fulani."

"Ni ya kudumu, Mheshimiwa. Mtu akiivaa haivui tena."

"Na lazima nisome chochote?"

"Aibu hiyo, Mheshimiwa! Mtu wa heshima hasomi. Wanaosoma ni wale wasio na heshima."

Alinishika mikono yote miwili. Akaniuliza kwa kunong'ona kama kuanzia sasa anaruhusiwa kuitwa Daktari. Nikamwambia asipoitwa hivyo ni dharau kwa Ng'ambo ya Huko yote. Nilipotoka mlangoni tayari anamfokea katibu wake: "Nani Mheshimiwa? Sema Daktari! Mheshimiwa kila mtu ni Mheshimiwa!"

*

Naapa sikuwa na haja ya kumtafuta mtu mwingine. Wakaja wenyewe pale kando ya barabara, magari yao meusi yakipanga foleni mbele ya kitanda cha Bi Chausiku, wakidhani ndiyo ofisi ya tawi. Waziri wa Barabara alitaka udaktari mrefu kuliko wa Fungameza. Waziri wa Mifugo alitaka mrefu kuliko wa Waziri wa Barabara. Mkurugenzi wa Maji, ambaye mabomba yake yalikuwa yamekauka, alitaka wenye rangi mbili. Nikawaambia chuo kina uhaba wa nguo. Wakaleta majora yao wenyewe, begani mwa walinzi wao.

"Profesa, huyu bibi kitandani ni nani?" Waziri wa Mifugo akaniuliza.

"Ni Mkuu wa Chuo."

Akamwinamia. Bi Chausiku akamwekea mkono kichwani, akambariki kwa maneno ambayo kwao huambiwa mbuzi kabla ya kisu.

Wakati huo Tindwa alikuwa akifungua koki. Kijana alikuwa hajui kulia na kushoto, wala hakutaka kuuliza asije akazidi. Alifungua ya makaburini. Marehemu wakaoga wiki nzima, walio hai wakanuka. Mjini watu walichota madimbwini, na Ikulu, nasikia, Mtukufu alikuwa akinawa kwa soda.

*

Siku ya Kadiri, sikukuu ya taifa, maandamano hupita barabara kuu. Mtukufu mbele, katika gari la wazi. Nyuma yake viongozi kwa miguu, ili wananchi waone unyenyekevu. Kama ya mwaka ule hayakuwahi kuonekana. Kila kiongozi alikuwa amefungiwa shahada yake shingoni, na nyuma yake wanajeshi wameibeba kama mkia wa bibi harusi. Ya Waziri wa Mifugo ilikunja kona kabla yeye mwenyewe hajaonekana vizuri. Mtangazaji wa redio akatokwa na machozi. "Wananchi, usomi unapita! Usomi bado unapita! Usomi haujaisha kupita!"

Gari la Mtukufu lilipofika mbele ya kibanda chetu cha mikeka, ikasikika sauti kali, sauti ya mtu anayemwita mtoto aliye mbali.

"Kipimo!"

Maandamano yakasimama. Bi Chausiku alikuwa ameegemezwa mito, amefunga kilemba kipya, anamtazama Fungameza.

"Nani huyo?" Mtukufu akauliza.

Fungameza akakimbia mbele, mkia wake ukimrudisha nyuma. "Kikongwe tu, Mtukufu. Akili zake si timamu."

"Zangu hazina cheti, ndiyo maana timamu," Bi Chausiku akasema. "Raia yeyote, popote pale. Kifungu chako mwenyewe, baba. Kipimo!"

Watu walikuwa na kiu, walikuwa wananuka, na walikuwa wamekaa kimya muda mrefu. Kwanza akaitikia muuza dagaa. Kisha barabara yote, juu kwenye mabati, ndani ya miti: "Kipimo! Kipimo! Kipimo!"

"Haya, apimwe nani?" Fungameza akasema, jasho linamtoka.

"Wewe," akasema Siwatu.

Tepu ilikuwa mfukoni mwake, hakosi nayo. Akapiga magoti barabarani akaanza kujipima mwenyewe, hakuna mwingine mwenye mamlaka. Akaweka tepu kwenye nyota ya kwanza. Ikafika dhiraa. Akaishika pale kwa kidole, akamtazama Mtukufu akitabasamu, kana kwamba nguo imeishia hapo. Siwatu akainama, akakiondoa kile kidole taratibu, kama unavyomwondoa kupe. Fungameza akaendelea kupima. Tepu ikaisha, akaanza upya. Ikaisha tena. Mtukufu akainua mkono wake mwenyewe, akautazama toka kiwiko hadi kidole, kisha akaitazama bafta.

"Fungameza."

"Naam, Mtukufu."

"Hiki kitu kinaishia wapi?"

"Ni cha heshima tu, Mtukufu! Sikusoma chochote! Naapa kwa kaburi la baba, mimi sijui lolote!"

"Ni kweli hajui lolote," mawaziri wakamsaidia. "Sisi tunamfahamu!"

"Sheria haisemi unajua nini," Mtukufu akasema polepole. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa na watoto wake. "Sheria uliniandikia wewe. Inasema urefu. Umenizidi, Fungameza. Mmenizidi wote. Nyuma yangu, mchana kweupe, kwa nguo!"

Basi pale ndipo nilipofaidi. Waziri wa Barabara alijaribu kuula udaktari wake, ukamkwama. Mwingine akajizungushia kichwani akasema ni kilemba, anakwenda kuhiji. Waziri wa Mifugo akapiga kelele, "Mkasi! Jamani, mkasi!" na Siwatu akamjibu, "Vinyozi wako jela, Daktari. Na kukata ni uhaini." Wanajeshi waliachia mikia, wasomi wakawa wanakanyagana, wanaanguka, wanaburuzana kama samaki waliokamatwa kwenye jarife moja. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Sitajifanya nilihuzunika.

Wote walifukuzwa palepale, bila kujali cheo. Serikali ilikaa muda mrefu bila waziri hata mmoja, na wananchi walichelewa sana kutambua.

Mtukufu akamgeukia Siwatu. "Na wewe? Nimesikia wewe ndiye mrefu kuliko wote."

"Nipime, Mtukufu. Sina hata kipande. Nilivipikia uji."

Akamtazama usoni, akatazama mafiga, akaona majivu. Sijui alielewa nini. Alikuwa na kiu.

"Koki unaijua?"

"Naijua."

"Maji yake yanakwenda wapi?"

Siwatu akafungua mdomo.

"Usiniambie," Mtukufu akasema haraka. "Fungua tu. Mpeni ufunguo. Mpeni na nyumba yake." Gari likaanza kuondoka, kisha likasimama. "Na aliyetoa kitanda hicho akirudishe. Mwenyewe. Nimeona picha yake gazetini, anajua kushika."

Tindwa alitoka ndani na mto wake, akasema hata hivyo kazi ilikuwa inamchosha mikono. Siwatu alikuwa ameshapanda kilimani. Kabla jua halijakaa vizuri tukasikia mabomba yanakohoa mtaa mzima, yanatema kutu, kisha watoto wakaanza kupiga mayowe na ndoo.

Mimi nilikuwa nakunja mikeka yangu. Profesa akishafundisha, vizuri aondoke kabla hajaulizwa chuo kiko wapi. Nilipita chini ya dirisha la nyumba ile na furushi begani, nikasimama kusikiliza. Ndani kitu kizito kilikuwa kinaburuzwa, na mtu mnene anahema.

"Inua, usiburute, utanikwangulia sakafu. Hapo. Tua." Kikatua. "Hapana, hapo upepo unanipiga. Karibu na mlango."

Kikaburuzwa.

"Hapa mlango unanigonga. Pale mwanzo palikuwa pazuri."

"Mama, nakuomba," Fungameza akasema. "Hii ni mara ya ngapi? Mgongo wangu..."

"Pole, baba, najua. Kazi ndogo hizi zinachosha watu wa sifa nyingi." Kitanda kikalia, alikuwa anajiweka sawa juu yake. "Haya, Daktari. Sasa hebu tujaribu na chumba cha pili."